Shikamoo ya Elfi

Kitabu cha kanuni cha Dungeons & Dragons cha mwaka 2014 kina sentensi chache kuhusu umri wa maelfi ambazo nimezisoma mara nyingi kuliko kanuni za vita. Kinasema mwili wa elfi hukomaa karibu na umri uleule ambao mwili wa binadamu hukomaa. Kisha kinasema elfi huhesabiwa mtu mzima, na kujichagulia jina la utu uzima, anapokaribia miaka 100. Anaweza kuishi hadi miaka 750.

Kwa hiyo tuna kiumbe ambaye akiwa na miaka 20 ameshafika kimo chake chote, anaweza kuvuta upinde, kulima na kulea mtoto wa dada yake, na bado ana miaka 80 mbele yake ya kuitwa mtoto. Miaka 80 inamtosha binadamu kuzaliwa, kusoma, kuoa, kuzika wazazi, kuona wajukuu na kuzikwa. Elfi anaitumia muda wote huo kungoja. Swali langu ni hili: anangoja nini?

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye meza ya mchezo huu, maelezo ni mafupi. Watu wanne au watano wanakaa pamoja. Mmoja ni msimamizi, ndiye anayesimulia dunia na kuwasemea watu wote waliomo. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, na mhusika ana mbari: binadamu, elfi, dwafi, nomu, na kadhalika. Mambo yenye mashaka huamuliwa kwa dadu. Mchezo ulichapishwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na umekuwa na matoleo mengi tangu hapo. Mimi ni msimamizi wa meza moja Dar es Salaam. Tunacheza Jumamosi mbili kwa mwezi, kwa Kiswahili, na dadu zetu za pande 20 zilikuja ndani ya sanduku la mtu aliyekuwa anarudi likizo.

Neno moja kuhusu maneno. Ninaandika elfi, si elfu, ingawa elfu ingewafaa viumbe wanaohesabu miaka kwa mamia. Na ninaandika dwafi, kwa sababu neno mbilikimo limeshatumika sana kuwadhihaki watu halisi, na sitaki kulileta mezani.

Fumbo la umri wa elfi halikuanza mwaka 2014. Toleo la mwaka 2000 lilikuwa na jedwali la umri wa kuanzia. Binadamu anayetaka kuwa msomi wa sihiri alianza na miaka 15, akaongeza jumla ya dadu mbili za pande sita. Maana yake alianza safari akiwa na miaka kati ya 17 na 27. Elfi wa kazi hiyohiyo alianza na miaka 110 akaongeza jumla ya dadu kumi, yaani kati ya miaka 120 na 170. Wote wawili wakaanza ngazi ya kwanza. Wanajua sihiri zilezile chache, na panya mkubwa anaweza kuwaua wote wawili. Kijana wa miaka 20 amejifunza katika miaka yake mitano kiasi ambacho mwenzake amejifunza katika karne nzima.

Kwenye meza yetu, kama kwenye meza nyingi, watu wamejaribu majibu matatu.

Jibu la kwanza ni la mwili: elfi anakua polepole. Linaonekana jepesi mpaka ulipigie hesabu. Ikiwa binadamu anakomaa kwa miaka 15 na elfi kwa 110, basi kila hatua inachukua muda mara saba na zaidi. Mtoto wa binadamu anatembea akiwa na mwaka mmoja hivi, kwa hiyo wa elfi atatembea akiwa na saba. Kama wa kwetu anaachana na nepi akiwa na miaka miwili na nusu, wa elfi atakaa nazo zaidi ya miaka 18. Muuguzi tunayecheza naye alisikia hesabu hiyo akauliza kama maelfi wana likizo ya uzazi. Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa la kweli. Utoto mrefu ni kazi ya mtu fulani, na waandishi wa kanuni walipoandika 110 hawakumwandika mama. Ndiyo maana toleo la 2014 likaukomaza mwili mapema. J. R. R. Tolkien, ambaye mchezo ulichota kwake, alilitafakari jambo hili kwa makini zaidi. Katika maandishi yake kuhusu desturi za maelfi, yaliyochapishwa mwaka 1993 baada ya kifo chake, mwili wa mtoto wa elfi hukua polepole kuliko wetu na kukamilika karibu na mwaka wa 50, lakini akili hukimbia mbele: anasema kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kwa Tolkien, mtoto wa elfi si mzito wa kuelewa hata kidogo.

Jibu la pili ni la akili: elfi hana haraka. Anajifunza wimbo mmoja kwa miaka kumi kwa sababu anaweza. Jibu hili lina uzuri wake, lakini mchezo wenyewe unalikana. Mara tu elfi anapoondoka kwao na kuingia barabarani na wenzake, anapanda ngazi kwa mwendo uleule wa binadamu. Ndani ya miezi michache ya safari, aliyekaa ngazi ya kwanza kwa miaka 150 anafika ya tano, ya sita, ya kumi. Waandishi wa zamani waliiona hatari hii. Kitabu cha mwaka 1978 kiliweka kikomo cha ngazi kwa mbari nyingi zisizo za binadamu, la sivyo wenye karne nyingi wangetawala kila kitu. Toleo la mwaka 2000 likauondoa mkingamo huo. Sasa hakuna kinachoeleza kwa nini elfi alichelewa, ila mahali alipokuwa. Kilichobadilika siku aliyotoka nyumbani si akili yake. Alipata hatari, na watu wanaomtegemea kabla ya jua kuzama.

Jibu la tatu ni la jamii, na ndilo ambalo kitabu cha 2014 kinalisema kweli: utu uzima ni kitu ambacho wengine wanakutambulia. Kwa Kiswahili jibu hili halina ugeni. Tuna neno la kubaleghe, ambalo ni la mwili, na tuna mtu mzima, ambalo ni neno jingine kabisa. Mzima ni aliye hai, ni asiye na ugonjwa, ni kitu ambacho hakijakatwa kipande. Mtu anaweza kubaleghe leo na asiwe mtu mzima kwa miaka mingi, na wote tunajua watu wa miaka 50 ambao bado.

Lakini jibu la tatu linaleta shaka yake. Kama utu uzima unatolewa, kuna anayeutoa, na ana sababu zake. Katika kijiji cha maelfi, mzee wa miaka 600 hajachoka na wala haondoki. Kiti chake katika baraza hakitakuwa wazi kwa miaka 150 ijayo. Je, anafaidika nini kumtambua wa miaka 40 kuwa mtu mzima? Hapa kijana wa Afrika Mashariki hahitaji ramani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamhesabu kuwa kijana mtu aliyefikisha miaka 18 na hajafikisha 35. Sera ya vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 inaanzia miaka 15 na kuishia hapohapo 35, na Katiba ya Tanzania inamtaka mgombea urais awe ametimiza 40. Mwanaanthropolojia wa Msumbiji, Alcinda Honwana, katika kitabu cha mwaka 2012 alieleza maisha ya vijana wa nchi kadhaa za Afrika ambao wameshavuka utoto na hawajaruhusiwa kuingia utu uzima, kwa sababu kazi, nyumba na ndoa viko mbali. Wanaishi katika kungoja. Niliposoma kuhusu hilo nikamkumbuka elfi wa miaka 60 mwenye mwili wa mtu mzima na jina la utotoni.

Mchezaji wetu mmoja, mwanafunzi wa sheria, alinipinga. Alisema nisihesabu miaka, nihesabu sehemu ya maisha. Mia moja katika 750 ni asilimia 13 hivi. Dwafi huhesabiwa kijana hadi 50 na huishi kama 350, hiyo ni asilimia 14. Hafulingi anakuwa mtu mzima akiwa na 20 na kuishi kama 150, yaani 13 tena. Nusu-oki anangoja sehemu kubwa kuliko hao watatu: utu uzima wake ni 14, na ni nadra avuke 75. Kwa hesabu hii elfi hajaonewa hata kidogo.

Ni hoja nzuri, na nimekaa nayo muda mrefu. Nadhani inakosea mahali pamoja. Hakuna anayeishi maisha yake kwa asilimia. Tunaishi siku moja, kisha nyingine, na siku ya kungoja ina asubuhi na jioni yake kwa kila mbari. Mfungwa mwenye maisha marefu hafungwi kidogo. Kumwambia elfi wa miaka 60 kwamba bado ana 690 ni kumwambia kwamba siku zake ni za bei rahisi kwa kuwa anazo nyingi. Hiyo inaweza kuwa faraja akijiambia mwenyewe. Ikitoka kinywani mwa aliyekalia kiti, ni kisingizio.

Pamoja na hayo, kuna usiku mmoja mezani ambapo hesabu ya bei ya siku ilinigeukia.

Mzimu wa kawaida katika toleo la 2014 una uso wa kutisha. Anayeutazama na dadu zikamwangusha vibaya huzeeka papo hapo kwa miaka kati ya 10 na 40. Kuna sihiri ya kuirudisha miaka hiyo, lakini ifanyike ndani ya saa 24, na ni sihiri ya ngazi ambayo kundi letu halikuwa limeifikia. Katika matoleo ya zamani kulikuwa pia na sihiri ya kumwongezea mtu kasi vitani, na gharama yake ilikuwa mwaka mmoja wa umri. Elfi aliulipa mwaka huo bila hata kuuona ukipita. Binadamu aliyeongezewa kasi mara 20 katika ujana wake alikuwa ameuza ujana.

Usiku huo mzimu uliwatazama wawili. Mhusika wa muuguzi, askari wa miaka 31, alizeeka miaka 30. Elfi wa miaka 94, anayechezwa na mwalimu wa shule ya msingi, alizeeka 30 pia. Idadi ni ileile. Kwa elfi ilikuwa zawadi ya ajabu: alilala mtoto akaamka na miaka 124, amevuka mstari aliokuwa anaungoja. Askari aliamka na mvi na goti linalouma. Mwalimu, akicheza mhusika wake kwa uaminifu, akasema, “Ni miaka 30 tu.” Muuguzi akamjibu kwa sauti ndogo, “Kwako.”

Hakuna aliyegusa dadu kwa dakika kadhaa. Nilichokiona hapo ni kwamba elfi hakuwa amekomaa hata kama kitabu kingesema sasa ni mtu mzima. Mwili wake ulikuwa na miaka 124. Alikuwa hajajua kwamba kitu kinaweza kuisha.

Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams aliandika mwaka 1973 kuhusu mwanamke wa kubuni, Elina Makropulos, aliyetoka katika tamthilia ya Karel Čapek. Alikunywa dawa ya uhai akiwa na miaka 42 na sasa ana 342. Amechoka, na kila kitu kimekwisha ladha. Williams alihitimisha kwamba maisha yasiyo na mwisho yangekuwa ya kuchosha bila dawa, kwa sababu mtu mwenye tabia fulani angemaliza yote yanayomfaa mtu wa tabia hiyo. Watu wengi humleta Williams wanapozungumza juu ya maelfi. Mimi naona alikuwa anatazama mwisho wa njia, na shida ya elfi iko mwanzoni. Elina alishakuwa mtu kabla ya kunywa dawa: alikuwa na miaka 42 ya kawaida, yenye kuharakisha na kupoteza. Elfi hana miaka hiyo. Kabla hatujauliza kama atachoka, tuulize atakuwaje mtu ambaye neno lake lina uzito, wakati kila kosa lina karne ya kusahihishwa na kila ahadi ina karne ya kutimizwa.

Nadhani hapo ndipo utu uzima ulipo. Mtoto ni yule ambaye makosa yake yanalipwa na wengine, na tunamruhusu, kwa sababu ndivyo watu wanavyokua. Anakuwa mtu mzima anapoanza kuona bei, na kuilipa mwenyewe au kuizuia isimwangukie mwingine. Kwa binadamu mwili unasaidia kufundisha, maana unachoka mapema. Elfi hafundishwi na mwili wake. Inabidi ajifunze kwa kalenda ya mtu mwingine: kujua kwamba “nitakuja baadaye” ina maana moja kwake na maana nyingine kwa rafiki wa miaka 61.

Kuna pingamizi ambalo silipuuzi. Elfi akianza kumtazama kila binadamu kama mshumaa unaoyeyuka, atamkera. Muuguzi alisema wazi kwamba askari wake hataki kuhurumiwa. Hataki elfi amkazie macho ya msiba kila akikohoa. Nakubali. Huzuni ya kudumu kwa ajili ya mtu aliye hai ni namna ya kumzika mapema. Anachotaka askari ni kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi: elfi afike kwa wakati. Akisema atarudi kabla ya mavuno, arudi kabla ya mavuno haya, si ya mwaka mwingine.

Wala sisi si askari peke yake katika hadithi hii. Mtoto wa miaka saba anayeahidiwa kwamba mwakani atapelekwa baharini ameahidiwa sehemu moja ya nane ya maisha yote atakayokuwa ameishi, na sisi tunaona ni mwaka tu. Bibi wa miaka 85 kijijini anaambiwa kwenye simu “Mungu akipenda, Desemba”, na anayesema hivyo ana Desemba nyingi mbele. Kila kijana mwenye afya ni elfi wa mtu fulani.

Baada ya usiku ule likaja swali ambalo nadhani haliwezi kuulizwa kwenye meza inayocheza kwa Kiingereza. Kundi lilifika kijiji ambako askari alizaliwa, wakapokewa na mzee wa miaka 70. Mwalimu akafungua mdomo kusalimia, akasita. Nani ampe nani shikamoo?

Tulibishana nusu saa. Kwa miaka, elfi ana 124 na mzee 70, kwa hiyo mzee ndiye atoe shikamoo. Mwanafunzi wa sheria alishikilia hapo. Lakini Kiswahili hakijawahi kuhesabu miaka peke yake. Tuna baba wadogo waliozaliwa baada yetu na bado ni baba, na mtoto wa shangazi mwenye ndevu anaweza kumwita mjomba mvulana wa darasa la tano. Ukubwa ni nafasi. Muuguzi akasema ukubwa wa mzee yule unatokana na alichokwisha kukitumia. Miaka 70 ya binadamu ni karibu yote. Miaka 124 ya elfi ni kama sita moja. Aliyetumia zaidi ya alichopewa ndiye mkubwa.

Hapo hesabu ya sehemu, niliyoikataa kwa mwanafunzi wa sheria, ilirudi kwa mlango mwingine, na safari hii niliikubali. Haifai kumwambia mtu mwingine kwamba kungoja kwake ni kwa bei rahisi. Inafaa pale mwenye kingi anapoitumia kujipima mwenyewe mbele ya mwenye kichache. Tofauti iko katika nani anayepiga hesabu na nani anayelipa.

Mwalimu akamfanya elfi wake apige goti kidogo. “Shikamoo, babu.”

Nikamjibu kwa sauti ya mzee: “Marahaba, mwanangu.”

Tangu siku hiyo nimeacha kutumia majedwali ya umri kwa wahusika wapya. Mtu akiniletea elfi, au dwafi, au nomu wa miaka 300, simuulizi ana miaka mingapi. Namuuliza nani aliwahi kumtegemea, na kitu gani kiliisha mbele ya macho yake. Wengine hujibu papo hapo. Wengine hukaa kimya, na hapo tunajua kwamba mhusika huyo bado ni mtoto, hata kama ana jina la utu uzima, na kwamba safari itakuwa na kazi ya kufanya.

Mwalimu alikuwa na jibu kwenye karatasi yake. Pale kwenye nafasi ya umri ameandika 124, na pembeni, kwa penseli, 70. Kila mwaka wa mchezo ukipita anaifuta namba ya pili na kuandika mpya. Ile ya kwanza haigusi. Juzi ilikuwa 72, na elfi alikuwa amebakisha siku tisa za njia kabla ya mavuno.